Udongo Juu ya Bati

Asubuhi za Miyuji, mtaa wa Dodoma, huanza na sauti ya mafagio. Jua halijapanda, lakini kila uwanja unafagiliwa. Katika nyumba ya Gideoni, fagio la kwanza kusikika lilikuwa la baba yake, Mzee Abeli.

Mzee alifagia kutoka mlangoni hadi getini. Kisha alirudi kuokota majani mawili matatu aliyoyaruka. Anjelina, mke wa Gideoni, alitoka na ndoo ya maji. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Ruthu. Mmeamkaje?"

"Salama, baba. Ungeacha, ningefagia mimi kabla sijaenda shule."

"Ukifagia wewe, mimi nifanye nini? Nikae nichunge kuku?"

"Hatuna kuku, baba."

"Ndiyo maana nafagia."

Anjelina alicheka, akaenda kuandaa uji. Alikuwa mwalimu wa darasa la awali. Alizoea watoto wanaopenda kupewa kazi. Lakini hakuwahi kumwona mtu mzima anayetafuta kazi kama Mzee Abeli. Aliyokuwa akiitafuta ilikuwa zaidi ya fagio, na Anjelina alilijua hilo.

Mzee alikuja baada ya mavuno, kutoka kijiji cha Haneti. Mke wake, Bibi Ruthu, alikuwa amefariki, na mzee alibaki peke yake. Alipika peke yake na kuchota maji peke yake, na macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Gideoni alikwenda kumbembeleza mara nyingi. Mwishowe mzee alikubali, lakini kwa sharti.

"Nitakaa msimu huu wa mvua," alisema. "Nikiona mikono yangu ina kazi kwenu, nitabaki. Nikiona nimekuwa mtu wa kulishwa tu, mtanirudisha kwangu. Tusinuniane."

Alikuja na magunia ya uwele na karanga, mavuno yake yote ya mwaka ule. Alikuja pia na begi la bluu. Begi lile alilitundika kwenye msumari ukutani, mkabala na mlango wa chumba chake. Kila alipofua nguo, alizikunja na kuzirudisha humo humo. Kabati walilomnunulia lilibaki wazi na tupu.

Anjelina alipopita ukumbini, alilitazama lile begi. Lilikuwa limejaa. Lilikuwa kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti, tayari kuaga.

Yeye hakutaka mzee aondoke. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Na tangu Mzee Abeli aje, nyumba ilikuwa na mtu wa kumpokea mtoto akitoka shule. Mtoto alipewa jina la bibi yake, Ruthu, basi mzee alimwita "mke wangu". Kila siku ilisikika getini, "Mke wangu amerudi? Amenipikia nini leo?" Na mtoto alijibu, "Nimekupikia mawe, babu."

Lakini Anjelina hakuweza kumwambia mzee maneno hayo. Yeye alizaliwa Tukuyu. Huko kwao, mke wa mtoto hamzoei baba mkwe. Mama yake alikuwa akipisha njia kabisa kila alipomwona baba mkwe wake anakuja. Anjelina hakufika huko, ila heshima ile ilibaki kwenye ulimi. Mbele ya mzee, maneno yake yaliishia kwenye salamu, uji na pole.

*

Ubavuni mwa nyumba kulikuwa na gereji. Gideoni alimwita fundi akaijenga baada ya nyumba kuisha, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Gari lenyewe lilikuwa bado kwenye maombi. Jirani yao, Batholomeo, hakuchoka kumtania.

"Gideoni, gari lako ni zuri sana. Halipigi kelele, halili mafuta, halionekani."

Kwa hiyo gereji ilitunza vitu vingine: baiskeli, mfuko wa saruji, na magunia ya mzee. Magunia yalilazwa sakafuni, yakasukumwa hadi ukutani.

Dodoma hukaa miezi mingi bila tone la mvua. Upepo hupuliza vumbi, jua huwaka, na watu husahau kabisa kwamba wana paa. Hata Anjelina, mtoto wa Tukuyu, alikuwa amesahau. Gideoni alipenda kumwambia, "Huko kwenu mvua hainyeshi, inaishi." Sasa Desemba ilifika, na mvua ya kwanza ikaja mchana, kwa kishindo.

Ilipokatika, Gideoni alifungua gereji. Palikuwa na dimbwi dogo katikati ya sakafu. Tone lilikuwa likianguka polepole kutoka kwenye bati.

"Inavuja kidogo," alisema. Akaweka ndoo. "Tutatafuta fundi nikipata nafasi."

Mzee Abeli alisimama mlangoni. Alitazama tone, akatazama ndoo. Macho yake yaling'aa. Paa linavuja. Hiyo ilikuwa kazi anayoijua.

Siku iliyofuata, Anjelina alirudi kutoka shule akamkuta mzee juu ya ngazi. Alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Alikuwa amechimba udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba, akaukanda kwa maji na majani makavu, akaupandisha juu kwa ndoo. Sehemu kubwa ya bati ilikuwa imepakwa, hasa pale bati linapokutana na ukuta wa nyumba.

"Karibu, mama Ruthu," alisema kwa furaha. "Kwetu paa la udongo la tembe likivuja hatumsubiri fundi. Unapanda na udongo wako, unaziba, unashuka. Miaka yote niliishi hivyo na mama yenu, na hakuwahi kulowa."

Anjelina alitazama lile bati. Alikulia chini ya bati, mahali pa mvua nyingi. Hakujua ufundi, lakini hakuwahi kuona mtu akipaka udongo juu ya bati. Moyo ulimwambia aseme. Kisha alitazama uso wa mzee. Tangu aje, hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Tena ni baba mkwe.

"Pole na kazi, baba," alisema. "Nikuletee maji ya kunawa?"

Akanyamaza hapo. Jioni ile mzee alikula ugali mara mbili, akamwimbia mjukuu wake wimbo wa shambani. Anjelina alipita ukumbini. Begi lilikuwa bado msumarini, lakini mzee alikuwa ametoa shati moja na kulitundika kabatini. Shati moja tu. Anjelina aliliona, akafurahi, na akazidi kunyamaza.

*

Mvua ya pili haikuwa ya mchezo. Ilipiga bati tangu mchana hadi alasiri. Gideoni alirudi kutoka kazini amelowa, akasikia kitu kinapasuka gerejini. Ilikuwa balbu. Maji yalikuwa yakishuka kwenye waya wake.

Gereji nzima ilikuwa maji. Hayakuwa matone tena. Yalitiririka ukutani kama mtu anayemwaga ndoo, tena yalikuwa ya matope. Magunia mawili yaliyokuwa ukutani yalilowa hadi katikati. Mzee Abeli alikuja akasimama nyuma yake.

"Baba," Gideoni alisema, na sauti ilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka, "nani alikwambia upake udongo kwenye bati? Hii siyo tembe."

Mzee aliinama. Aliingiza mkono kwenye gunia, akatoa uwele uliolowa, akautazama kiganjani.

"Kweli," alisema. "Hii siyo tembe."

Aliingia chumbani kwake. Gideoni alibaki amesimama ndani ya maji. Alijua amekosea, lakini hakujua aanzie wapi.

Asubuhi, Anjelina alizinduka akiwa na wasiwasi bila kujua kwa nini. Kisha akaelewa. Hakukuwa na sauti ya fagio.

Gideoni alikuwa ameondoka mapema. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi. Mzee alikaa kitandani, begi la bluu likiwa mapajani. Lile shati halikuwa kabatini tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo nitakwenda stendi, mama Ruthu. Mlinikaribisha vizuri. Lakini mkono unaoharibu ni bora ukaharibu kwake."

Anjelina alitaka kusema mambo mengi. Akasema lile lililowezekana.

"Baba, naomba unisubiri hadi jioni. Namwita mtu aitazame gereji. Usiondoke kabla hajaitazama."

Mzee alifikiri. "Kutazama tu, haya," alisema.

Shule ilikuwa imefungwa tangu siku iliyotangulia. Anjelina alitoka haraka, akaenda nyumba ya tatu, kwa Hamida.

*

Hamida alikuwa fundi wa mapaa. Kwao ni Kondoa; alikuwa Mrangi, na hakuacha kuwatania Wagogo kama Mzee Abeli. Alisoma chuo cha ufundi, na kabla ya hapo alifundishwa na baba yake. Alikuja amevaa ovaroli, kichwani kitambaa, mkononi ngazi nyepesi. Mzee Abeli alikuwa amekaa kibarazani.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni mtoto wa jirani. Nasikia Wagogo mmeletewa mvua mkashindwa pa kuiweka."

Mzee hakutaka kucheka, lakini mdomo ulimsaliti kidogo. "Marahaba. Warangi mna maneno."

"Tuna maneno na ngazi, mzee. Swichi kuu ya umeme iko wapi?"

Anjelina alishangaa. "Si umekuja kutazama bati?"

"Kwanza umeme," Hamida alisema. "Maji yakipita kwenye waya, hata ukuta unaweza kukupiga. Paa likivuja penye balbu au soketi, zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Usiguse kitu mpaka umezima. Na msiiwashe ya huko gerejini mpaka fundi umeme aukague huo waya."

Alizima. Kisha akaingia gerejini, akatazama juu kwa muda mrefu. Akatoka, akaweka ngazi, Anjelina akaishika miguu. Hamida alipanda, akakanyaga kwa uangalifu pale bati lilipolala juu ya mbao.

"Huu udongo ni kazi ya nani?"

Mzee alitazama miguu yake. Anjelina alishika ngazi kwa nguvu. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Ni baba alipaka, ili kutusaidia. Na mimi nilimwona, nikahisi haitafaa, nikanyamaza. Kwa hiyo ni kazi yetu wote wawili."

Mzee aliinua uso. Alimtazama mkwe wake kama aliyemwona sasa hivi.

"Mzee," Hamida alisema kutoka juu, "huko kwenu tembe ina udongo unene gani?"

"Hivi," mzee alisema, akaonyesha kutoka ncha za vidole hadi karibu na kiwiko. "Chini yake magogo na fito. Ukitaka, unapanda juu kuanika mtama."

"Basi ndiyo siri. Udongo mwingi vile unakunywa mvua yote, halafu jua la Dodoma linaukausha. Maji hayafiki chini. Kule udongo ndio paa. Hapa paa ni bati, jembamba kama ganda la yai. Halinywi maji. Kazi yake ni kuyafukuza tu." Aliinua donge la udongo, akalishusha kwa Anjelina. "Mpelekee, aguse."

Mzee aligusa. Upande wa chini ulikuwa tepetepe, tena wenye rangi ya kutu.

"Jua limeshapanda," Hamida aliendelea. "Bati lote limekauka. Lakini chini ya udongo bado kuna maji. Yakikaa hapo yanakula bati. Tena udongo umekuwa kama boma. Mvua inashuka, inakutana nao, inasimama, halafu inarudi nyuma na kuingia pale bati linapopandana na lingine. Ndiyo maana jana ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza."

"Kwa hiyo nimelifungia maji ndani," mzee alisema taratibu.

"Umeliziba kama tembe, mzee. Lakini kuvuja hukukuanzisha wewe. Fundi aliyeliezeka alikosea kabla yako. Njoo nikuonyeshe, hapo hapo chini panaonekana. Unaona misumari? Bati lina migongo na mabonde. Maji hupita bondeni. Huyu kapiga misumari bondeni, kila msumari ni mlango wa maji. Msumari hupigwa mgongoni, tena na raba yake chini ya kichwa. Na hapa kwenye ukuta wa nyumba, kaziba kwa saruji tupu. Upepo wenu huu ukitikisa bati, saruji inapasuka."

Mzee alisogea karibu. Alitia mkono kwenye paji la uso kuzuia jua.

"Kwenye tembe," alisema, "maji hayaangukii pale yalipoingilia. Yanaingia huku, yanatembea na gogo, yanaangukia kule. Ukiziba juu ya dimbwi, umeziba bure."

Hamida alishuka ngazi, akatabasamu.

"Hata kwenye bati ni hivyo hivyo. Na ndiyo maana nakuhitaji. Mimi siwezi kuwa juu na ndani kwa wakati mmoja. Nyie Wagogo hamwogopi jua. Leo tuone kama hamwogopi giza."

*

Walisafisha kwanza. Hamida aliuondoa udongo juu kwa mikono na fagio laini, akaosha bati. Jua lilipofika utosini, alimwambia mzee aingie gerejini. Kisha mlango ukafungwa.

Anjelina aliingia naye ili amsaidie. Ndani palikuwa na giza. Walisimama kimya mpaka macho yakazoea. Kisha Anjelina akaziona. Juu ya vichwa vyao, kwenye giza la bati, kulikuwa na nukta za mwanga. Moja hapa, mbili pale, na nyingine nyingi zimejipanga kando ya ukuta.

"Nyota mchana," mzee alinong'ona.

"Mmeona?" Hamida aliita kutoka juu. "Kila nukta ni tundu. Mzee, chukua njiti za fagio. Penye nukta, ingiza njiti hadi itokeze kwangu. Nitajua pa kuziba."

Mzee alipanda juu ya sanduku imara, si ngazi. Anjelina alimshikia sanduku. Njiti moja baada ya nyingine ilipanda kwenye mwanga. Mzee hakufanya haraka. Alipofika penye alama ya maji kwenye mbao, aliifuata kwa kidole hadi ilikoanzia, na huko alikuta tundu ambalo Anjelina hangeliona.

"Mama Ruthu."

"Abee, baba."

"Siku ile ulihisi haitafaa. Kwa nini uliniacha nipake?"

Gizani ilikuwa rahisi zaidi kujibu. "Niliona aibu, baba. Kwetu mke hamkosoi baba mkwe."

"Hata akiwa anaharibu bati?"

"Hata hapo."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Hata kwetu ni hivyo. Ndiyo maana tembe za wakwe zinavuja."

Anjelina naye alicheka. Akacheka mpaka sanduku likayumba, na mzee akamshika bega ili mwenyewe asianguke.

"Baba," alisema, "naomba nikuambie jambo jingine nililonyamazia. Usirudi Haneti ukaishi peke yako. Siyo kwa sababu ya kufagia. Ruthu anakimbia kutoka getini kwa ajili yako. Na mimi nikisikia fagio asubuhi, najua nyumba ina baba."

Mzee aliomba njiti nyingine, akaichomeka taratibu kwenye nukta ya mwisho.

"Tumemaliza, Mrangi," aliita. "Hesabu vifaranga vyako."

Juu ya bati njiti zilikuwa zimesimama kama shamba linalochipua. Hamida alisema hajawahi kuonyeshwa matundu vizuri hivyo.

*

Kazi ilichukua siku chache za jua. Hamida aling'oa misumari ya bondeni. Matundu madogo aliyaziba kwa gundi ya kuzibia mapaa. Palipoliwa na kutu aliweka bati jipya. Misumari mipya aliipiga mgongoni, kila mmoja na raba yake.

Penye ukuta, alichonga mfereji mwembamba kwenye plasta kwa tindo. Akachukua kipande kirefu cha bati, akakikunja. Ukingo mmoja aliuingiza ukutani na kuuziba kwa saruji, mwingine ukalala juu ya mabati. "Sasa maji ya ukutani yakishuka yatapita juu ya hiki na kwenda zake," alisema.

Gideoni alirudi jioni ya kwanza akakuta baba yake ameshika nyundo, anamkabidhi Hamida misumari. Alivua viatu vya ofisini, akaenda kushika ngazi. Walipobaki wawili, alisema, "Baba, nisamehe. Siku ile nilisema vibaya."

"Ulisema kweli kwa sauti mbaya," mzee alijibu. "Sauti nimeisamehe. Shika ngazi vizuri."

Mbele ya mlango wa gereji, sakafu ilikuwa chini kuliko uwanja. Hamida alitaka maji ya uwanjani yapate njia nyingine. Kazi ya jembe mzee hakuhitaji kufundishwa. Alichimba mfereji unaoteremka kuelekea kwenye mipapai, na Gideoni akajenga kizingiti kidogo cha saruji mlangoni.

Kilichomuumiza mzee kilikuwa magunia. Uwele uliolowa ulikuwa umeanza kutoa harufu, na karanga zilikuwa na ukungu wa kijani.

"Tuanike tu," alisema. "Jua litaua ukungu."

"Ukungu utakufa, sumu itabaki," Hamida alisema kwa upole. "Inaitwa sumukuvu. Huioni, wala haitoki kwa kuanika, kuosha au kupika. Inaharibu ini, na mtoto inamdumaza. Hata kuku usiwape."

Mzee alimtazama mjukuu wake anayecheza uwanjani. Hakubishana tena. Yeye mwenyewe alichimba shimo akafukia magunia yale mawili. Magunia makavu yalipandishwa juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite chini na nyuma.

Mwisho Hamida alifunga gata la kukinga maji kwenye ukingo wa bati, likiteremka kidogo kuelekea kwenye tangi la maji kando ya gereji. "Mvua ya kwanza ya msimu iacheni imwagike, inaosha vumbi," alisema. "Zinazofuata ni zenu. Na kila mwaka, kabla ya mvua, fagieni bati na gata, halafu fungeni mlango mtazame nyota. Wazee na watoto wasipande juu. Kazi ya ndani inatosha."

"Kazi ya ndani nitaifanya mimi," mzee alisema haraka. Kisha akageukia jembe lake, kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia.

Anjelina alisikia. Alipoingia ndani, alitazama chumbani kwa mzee. Begi lilikuwa limerudi kwenye msumari wake.

*

Mvua ya tatu iliikuta familia nzima gerejini. Hakuna aliyemwita mwenzake. Walijikuta tu wamekaa juu ya sanduku na ndoo zilizopinduliwa, wakitazama juu. Bati lilipiga kelele hadi hawakuweza kusikizana. Maji yalisikika yakikimbia kwenye gata na kuanguka ndani ya tangi.

Sakafu ilibaki kavu. Ukuta ulibaki mkavu. Mzee alipapasa mbao moja moja kwa kiganja. Mwishowe alimpakata Ruthu.

"Mke wangu, umeona? Hatujalowa."

"Babu, tutaoga maji ya mawinguni?"

"Tutaoga, tutafulia, tutapikia mawe yako."

Asubuhi iliyofuata Batholomeo alisimama getini, suruali imekunjwa hadi magotini. Stoo yake ilikuwa imevuja, na alimsikia Hamida akimsifu mzee mtaani.

"Shikamoo, mzee. Naomba uje unitazamie nyota. Hamida atakuwa juu."

"Marahaba. Nakuja." Mzee aliegemeza fagio ukutani. "Mama Ruthu, niletee begi langu."

Moyo wa Anjelina ulishtuka. Alikwenda chumbani, akanyoosha mkono kwenye msumari. Aliposhika begi, lilimjia kirahisi mno. Lilikuwa jepesi. Alisimama nalo ukumbini, na safari hii hakunyamaza.

"Baba, nguo zako ziko wapi?"

"Kabatini," mzee alisema. "Tangu siku ile ya giza. Hukutazama?"

"Ulilifunga, baba. Siwezi kufungua kabati la baba mkwe."

"Ndiyo maana tembe zinavuja," mzee alisema.

Alifungua begi akakagua. Ndani kulikuwa na fungu la njiti za fagio, raba za misumari kwenye kikopo, kipande cha chaki, na kitambaa cha kupangusia jasho. Alilitundika begani, akamfuata Batholomeo. Alipofika getini aligeuka.

"Uwanja huo usiuguse, mama Ruthu. Nikirudi nitamalizia."